Damu ya Kujaribia

Mashine mpya ya maabara ilipokwisha kufungwa, fundi aliyeileta aliomba damu ya mtu mzima mwenye afya, ili waone kama inasoma sawasawa. Wote chumbani wakamgeukia Sindano.

Hapo hospitalini hakuwa na jina jingine. Alikuwa mtaalamu wa maabara, mwanamke wa makamo mwenye mkono mwepesi kiasi kwamba watoto walisahau kulia. Wagonjwa walimpenda kwa dakika ile ya kuchomwa, kisha walishusha mikono ya mashati na kwenda zao. Alizijua damu za nusu ya mji, na jioni hakuwa na mtu wa kula naye.

"Chukueni yangu," alisema, akijifunga mpira juu ya kiwiko. "Sinywi pombe, sivuti sigara, na mume wa kunipandisha presha sina."

Wakacheka. Mashine ikakoroma, ikatoa majibu. Sukari ilikuwa sawa, figo sawa. Vimeng'enya vya ini vilikuwa juu, kimoja kikiwa kimepita mpaka kwa mbali.

"Mashine yenu mbovu," alimwambia fundi.

Fundi akaipima upya. Akajaribu damu yake mwenyewe, ikasoma vizuri. Akarudia ya Sindano, ikapanda palepale. Akakohoa kidogo, akainama kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Sindano alijua maana yake. Kazi ya vimeng'enya hivyo ni ndani ya ini. Ukivikuta vingi vinazurura kwenye damu, jua huko ndani kuna kinachoumia. Mara ngapi alikuwa amewaeleza hivyo wanafunzi wa uuguzi! Lakini ya kwako huwa na uzito mwingine. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe, akaita: "Anayefuata!"

Huenda ingebaki humo mfukoni mpaka ikafuliwa na koti, kama si ngazi. Asubuhi moja alikuwa anapeleka majibu ghorofa ya juu, pumzi ikamkata katikati. Akashika ukingo. Daktari wa wodi ya ndani, kijana mpole aliyesema polepole kama anayehesabu maneno yake, alikuwa anashuka.

"Vipi, dada? Ngazi zimekushinda?"

"Ngazi ni zilezile. Mimi ndiye niliyebadilika."

Daktari alimshika kifundo cha mkono kwa utani, kama anayesaidia bibi kuvuka barabara. Kisha utani ukamtoka usoni. Akatulia, vidole vikiwa juu ya mshipa.

"Twende chumbani kwangu."

Huko ndiko Sindano alikoitoa ile karatasi. Daktari aliisoma, akauliza kama anakunywa.

"Hapana."

"Hata kidogo? Hapa hatuhukumiani."

"Daktari, ningekuwa na mtu wa kunywa naye, pengine ningekunywa."

"Basi, jioni unakula nini?"

Hapo Sindano akaona aibu. Alikula chipsi za kununua, na soda, na biskuti mbele ya televisheni. Tangu mama yake afariki alikuwa ameacha kupika. Sufuria dogo kuliko yote jikoni bado lilikuwa kubwa kwa mtu mmoja, na chakula kilichobaki kilimtazama kesho yake kama mgeni aliyekataa kuondoka.

"Na kifuani? Huhisi kitu?"

"Kuna kitu hurukaruka, kama ndege aliyeingia ndani ya nyumba. Kilianza baada ya mama kufariki. Ni huzuni tu."

"Huzuni sijawahi kuishika kwenye mshipa wa mkono," alisema daktari. "Hiki nimekishika."

Akamweleza. Hakutaka kusema kwamba ini ndilo lililouharibu moyo. Lakini watafiti walikuwa wameona kuwa watu ambao vimeng'enya vyao vya ini viko juu hupatwa zaidi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mafuta kwenye ini, uzito na presha ni ndugu, akija mmoja wengine hawako mbali. "Karatasi hii peke yake isingenitosha. Lakini nikiiona, nasikiliza moyo kwa makini zaidi."

Wakampima umeme wa moyo. Mistari ilitoka imevurugika, mapigo mengine yamebanana, mengine yameachana. Vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinatetemeka badala ya kupiga, na damu inayozubaa humo inaweza kuganda, bonge likapanda kichwani. Angemeza dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wiki kadhaa, kisha angelazwa usingizi kidogo, moyo ushtuliwe kwa umeme urudi kwenye mwendo wake.

"Siku hiyo huruhusiwi kwenda nyumbani peke yako. Nani atakuja kukuchukua?"

Swali hilo lilimwuma Sindano kuliko sindano yoyote aliyowahi kumchoma mtu.

"Andika kaka," alisema.

Njiani kurudi nyumbani alijikuta na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Ule mruko wa kifuani alikuwa ameutunza kama wengine wanavyotunza nguo za marehemu. Kila uliporuka alisema, ndiyo, mama. Sasa ameambiwa ni ugonjwa, una dawa.

Kaka yake alikuwa mkubwa kwake, na hawakuwa wamezungumza tangu mazishi. Walirushiana maneno palepale makaburini, mbele za watu, juu ya nani alimwuguza mama na nani alituma salamu tu. Alipompigia, kaka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Niko safarini." Simu ikakatika.

Haukupita muda ikaita. Alikuwa wifi yake, mke wa kaka, muuza viatu vya mitumba mwenye sauti ya kuzidi soko zima.

"Wewe wifi! Unaenda kupigwa umeme halafu unamtegemea mwanamume? Niambie siku."

Akaja kweli. Sindano alipozinduka, kifua kikimwasha pale palipobandikwa vibao vya umeme, sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya wifi akigombana na askari wa mlangoni. "Mgonjwa wangu ana ini la mlevi na hajawahi kunusa hata kizibo! Nipishe nimwone!"

Nyumbani wifi alivaa kanga, akapika mboga na maharage, akakuta chupa za soda kwenye friji akazitoa bila kuuliza. Usiku ulipoingia akasimama ukumbini na mto wake. "Nalala wapi?"

Kulikuwa na kitanda kimoja tu kingine, cha mama. Shuka lake halikuwa limeguswa. Sindano alikunjua ncha ya shuka.

"Lala hapo."

Wifi alijitupa, kitanda kikalia. "Mama mkwe alinisema sana, Mungu amrehemu. Leo nimelala kitandani kwake. Asipoamka kunifukuza, basi kweli amekufa."

Sindano alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikageuka kilio. Hakuwa amelia tangu mama afariki. Alikuwa na kazi ya kupokea waombolezaji, kisha kazi ya maabara. Wifi hakumnyamazisha. Alisogea tu kumpa nafasi kitandani.

"Kaka yako hakuwa safarini," alisema baadaye. "Alikuwa amekaa karibu yangu anaitazama simu. Anakuogopa."

"Mimi?"

"Wewe. Ulimwambia kweli, na kweli ilimkaa."

Wifi alirudi kwa viatu vyake. Nyumba ikanyamaza tena. Sindano alijilaza, akaweka kiganja kifuani, akangoja. Moyo ulikwenda taratibu, pigo kwa pigo. Kumkosa mama kulikuja vilevile, bila mbawa sasa, kukakaa pembeni yake kimya. Alikuwa amedhani vitu hivyo viwili ni kimoja. Kimoja kilikuwa kimetibiwa.

Akaanza kutembea jioni baada ya kazi. Akanunua sufuria dogo zaidi. Alipojipima tena, vimeng'enya vilikuwa vimeshuka, ingawa havijafika chini kabisa. Daktari alifurahi, akamwonya kwamba moyo unaweza kuchepuka tena, aendelee na dawa. Kisha akaitwa wodini. Sindano akabaki na karatasi yenye habari njema, chumba kitupu, na mirija ya damu za watu ikisubiri.

Akapiga simu.

"Vimeng'enya vimeshuka," Sindano alisema, kaka yake alipopokea.

"Ndiyo nini hivyo?"

"Vya ini."

"Ni vizuri?"

"Ni vizuri."

Alisikia kaka yake akihema, mahali fulani penye watu.

"Mimi haya mambo siyajui," kaka alisema. "Nieleze polepole."

Sindano akavuta kiti, akakaa.

"Kwanza sijakuamkia," alisema. "Shikamoo, kaka."

Jibu lilichelewa, akadhani laini imekatika tena.

"Marahaba, mdogo wangu. Marahaba."