Uzito wa Winchi

Kitanda kiliguna kabla hapajakucha, mguno mdogo tu, na Bibi akajua mumewe ameamka na anaona haya kumwita.

"Sema tu, mzee wangu. Nikugeuze?"

"Lala kidogo. Nimeshauzoea upande huu."

Bibi hakulala. Aliingiza mikono chini ya makwapa ya mumewe, akavuta. Wapi! Zamani wenzake wa ghalani walimwita mzee Winchi kwa jinsi alivyopandisha magunia. Hata baada ya kiharusi kumlaza, Bibi alimgeuza bila taabu. Sasa amebaki mifupa na ngozi, lakini kila wiki anazidi kuwa mzito. Bibi alidhani ni yeye anayeishiwa nguvu, na hakuthubutu kulisema, kwa sababu binti yao alishaamua: siku mama akishindwa kumnyanyua, baba atahamia nyumba ya wagonjwa.

Asubuhi muuguzi alikuja pamoja na mkwe wao. Mkwe alimbeba mzee, akapanda naye kwenye mizani, kisha akamlaza na kupanda peke yake. Muuguzi akatoa hesabu, akakunja uso.

"Amepungua sana."

"Mizani yako ina wazimu," Bibi alisema. "Huyu anazidi kuwa mzito. Uliza mgongo wangu."

"Mgongo haudanganyi, bibi, na mizani haidanganyi." Muuguzi akachutama, akaushika ule mkono wa mzee uliosalimika. "Babu, nisukume." Kiganja kilitetemeka tu. "Umeona? Ulipokuwa ukimnyanyua, mkono huu ulikuwa unasukuma godoro. Sehemu ya mzigo alijibebea mwenyewe, nawe hukujua. Sasa hauna nguvu, mzigo wote umekuangukia wewe. Babu, unakula?"

"Sahani inarudi tupu," Bibi akamjibia.

Mkwe alitazama dirisha lililo kando ya kitanda. Paka wa jirani alikuwa amejilaza pale, mnene kama mto. Hakuna aliyecheka.

"Nilitaka niwe mwepesi," mzee alisema, uso ukutani. "Gunia likimshinda mtu, tulikuwa tunalipunguza."

"Nani kakwambia umenishinda?"

"Usingeniambia."

Bibi alitaka kumgombeza, akaishia kumfunika shuka vizuri. Muuguzi akasema kwa upole kwamba nguvu huenda zikarudi kwa chakula na mazoezi, lakini si hapa, na si kwa mgongo ule. Mkwe akambeba taratibu mpaka garini, akikinga kichwa chake kwa kiganja kisigonge mlango.

Kule wodini, katika nyumba ya wagonjwa, Bibi alimlisha kijiko kwa kijiko. Mzee alimeza vyote, hata alivyovichukia. Wageni walipoambiwa watoke, alimshika upindo wa nguo.

"Nitakula, mke wangu. Nitakula mpaka ushibe wewe. Ila kesho njoo tena."