Mgeni Asiyeuliza

Watu wa serikali Bertilla alikuwa amewazoea. Bwana shamba huuliza, mganga huuliza, na Wilibrodi, balozi wa nyumba kumi, huuliza hata ulichoota. Ukishajibu, mambo yamekwisha. Lakini huyu Atusaye, binti wa Mbeya anayesoma chuo kikuu Dar es Salaam, alikuwa na mwezi mzima nyumbani kwake na hajauliza kitu.

Siku ya kwanza alieleza kwamba amekuja kujifunza jinsi wanawake wa kijiji kipya wanavyosaidiana kazi. Akiuliza, alisema, watu watamjibu wanachodhani anataka kusikia. Afadhali alime nao, ateke maji nao, asage ulezi nao. Bertilla aliitikia kwa adabu, na moyoni akasema huyu katumwa.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Operesheni ya serikali ya kukusanya watu vijijini ilipowahamishia wote huku karibu na Kasense, mama mkwe wake, bibi Kalista, aligoma. Alirudi kimyakimya mahame, kwenye makazi yao ya zamani nyuma ya kilima, maana ndiko alikomzika mumewe. Akigunduliwa, kibanda kingechomwa moto na yeye angebebwa kama gunia. Bertilla alikuwa akimpelekea unga, akisingizia kutafuta kuni.

Kisha Atusaye akaanza kuamka mapema. Alimtazama Bertilla akijifunga kanga ya kuondokea, akatabasamu, asiulize anakwenda wapi. Mtu asiyeuliza ama hajali ama anajua, na huyu alijali mno. Bertilla alizidi kuogopa kila siku. Mwishowe akaona heri amuwahi. Alikwenda kwa Wilibrodi akasema mgeni wake ni mpelelezi, pengine wa mabeberu.

Kesho yake katibu kata akaja na gari. Alimhoji binti mbele ya watu, akamwambia mwenyeji wake ndiye aliyemshtaki, akazunguka weee, akafika palepale Bertilla alipopaogopa: je, katika nyumba ile hakuna aliyebaki mahame?

"Hakuna," Atusaye alisema. "Bibi Kalista yuko Mtowisa kwa binti yake. Nilimsindikiza mwenyewe hadi barabarani."

Hakuwa amemsindikiza mtu. Jina la Kalista lenyewe Bertilla hakuwahi kulitaja mbele yake. Bertilla akaelewa: binti alijua siku zote, na siku zote alikuwa akimsaidia kumficha bibi.

Katibu aliridhika, maana hakuona kwa nini mtu amtetee mwanamke aliyemchongea. Lakini mgeni aliyekwisha kushukiwa upelelezi hakumtaka katani kwake. Akaamuru apande gari, arudishwe Sumbawanga.

Bertilla alifungua mdomo aseme binti huyu ni mwema. Wangemuuliza amejuaje, na jibu lilikuwa limekaa kule mahame likisubiri uji. Akaufunga.

"Baki salama, mama," Atusaye alimwambia akipita.

Watu wote walikuwa wanamtazama Bertilla sasa.

"Nenda," Bertilla akasema, na akahakikisha sauti yake ni ya chuki.