Makofi ya Exaucée

Mwalimu Anena alikuwa na sheria yake darasani, pale Nsambya: msichana akijibu, apate asipate, apigiwe makofi ili ajiamini. Siku hiyo Exaucée, binti wa wakimbizi wa Kongo, akajibu kuwa saba mara nane ni hamsini na nne. Makofi yakarindima.

Exaucée hakuketi. "Mwalimu, wavulana wakikosea unawarudisha ubaoni mpaka wapate. Sisi unatupigia makofi. Kwani sisi hatuwezi kupata?"

Lo! Muhula mzima Anena alidhani anawajenga mabinti, kumbe anawadharau mchana kweupe! Akanyoosha mkono wenye chaki.

"Umekosea," akasema. "Njoo ubaoni."

Exaucée akaja mbio.