Kabureta ya Babu Abeid

"Kwangu mimi pikipiki ya mtu hailali Ijumaa mbili."

Maneno hayo Twahiru alikuwa akiwaambia wateja wote, pamoja na waliopita kuomba maji tu. Gereji yake ilikuwa uani kwao Mtawanya: mabati manne juu ya nguzo za mvinje, benchi lililowahi kuwa mlango wa choo, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa nati za kila ukubwa. Upande wa pili wa ua alikaa dada yake Rukia akibangua korosho. Kila aliposikia tamko lile aliinua macho, akamtazama kaka yake kwa muda wa kubangua korosho moja, akayarudisha chini. Ana heshima zake, Rukia. Haaibishi fundi mbele ya mteja.

Kwa bodaboda Twahiru alisema kweli. Bodaboda ikilala gereji, nyumbani kwa mwenyewe hakupikwi, kwa hiyo alizifungua asubuhi akazifunga jioni. Lakini roho yake ilikuwa kwenye mikweche, zile pikipiki za zamani ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa na kuku wameshaanza kuzitagia. Alikuwa amefufua mbili. Moja ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Ya pili aliikuta chini ya mkorosho, mzizi umepita katikati ya spoku. Ile ya pili ilipowaka baada ya miaka kumi na tano ya kunyamaza, alikaa chini akaisikiliza mpaka petroli ikaisha. Rukia anaapa alimwona akifuta machozi. Twahiru anasema ulikuwa moshi.

Tatizo lilikuwa kabureta ya Babu Abeid. Hiyo ilikuwa imelala miaka miwili.

Babu Abeid alikaa Naliendele. Enzi zake alikuwa karani wa bandari, akihesabu magunia ya korosho yanayopanda meli, na tangu mwaka sitini na nane alikwenda kazini na pikipiki nyeusi ya Kiingereza aliyoinunua kwa mhandisi aliyekuwa anarudi kwao. Gia zake zilikuwa mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki zote tunazozijua, na Babu alisema ndiyo maana haikuibwa hata siku moja: mwizi angefika ukutani kabla ya kufika barabarani.

Ukoo wa kina Twahiru na ukoo wa kina Abeid ni watani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo siku Babu alipokuja na kabureta imefungwa kwenye gazeti, hapakuwa na salamu ndefu.

"Mtani, hii inavuja. Unaiweza, au nitafute fundi?"

"Unayemtafuta umeshampata, Babu. Ijumaa njoo uchukue."

Kabureta yenyewe ilikuwa na alama yake. Kifuniko cha juu kilipotea wakati wa Vita vya Kagera, spea hazionekani kwa dawa, na Babu akachonga kingine kutoka kwenye kishikio cha shaba cha kabati la nguo la mkewe. Mpaka leo kabati lile hufunguliwa kwa kuvuta uzi.

Na si kwamba Twahiru hakuitengeneza. Aliisafisha siku ileile, kitundu kwa kitundu, ikang'aa. Kesho yake akaja Fadhili, rafiki yake anayelima nyanya bondeni Ruvuma. Kabureta ya pampu yake ya maji ilikuwa imepasuka, na nyanya zimeanza kujikunja kwa jua. Twahiru akaitazama kabureta ya Babu pale benchini. Akaipima kwa macho. Akakata kipande cha bomba, akachonga gasketi kwenye boksi la sabuni, na pampu ikaguguma ikatapika maji.

"Siku tatu tu," alimwambia Fadhili. "Nikipata spea, nakubadilishia."

Spea ilichelewa. Ilipopatikana, msimu wa salfa ulikuwa umeanza na mashine za kupulizia mikorosho zilipanga foleni mpaka nje ya ua. Halafu mvua. Halafu ikawa aibu tu, na aibu haina msimu.

Babu alipokuja kuulizia, Twahiru alijibu kitani. "Kabureta yako iko leba, Babu. Njia haijafunguka."

"Mwambie mkunga asiikazie sana. Itazaa pacha?"

Wakacheka, Babu akamaliza chai yake, akaondoka kwa miguu mpaka pale penye magari ya Naliendele. Mara nyingine Twahiru alimwambia kabureta imeomba likizo kwa kuwa imefanya kazi tangu mkoloni, na Babu akasema basi aiandikie barua ya kukubali. Kwa mtani huwezi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye uliyeshindwa. Twahiru aliufanya utani kuwa turubai lake, na chini ya turubai hilo akakificha kila alichokionea haya. Halafu, kabureta ilipotimiza kama mwaka mmoja, Babu akaacha kuuliza. Alikuja, akanywa chai, akasifu rangi ya pikipiki ya mtu mwingine, akaondoka. Twahiru akajiambia mzee amesahau. Aliona nafuu, na nafuu yenyewe ikamkaa vibaya, kama kiatu cha kuazima.

Mwezi wa tisa Babu Abeid alikufa usingizini.

Msibani mtani ana kazi yake, na Twahiru aliifanya vizuri. Alivaa kofia ya marehemu na koti lake la bandari, akajilaza kwenye jamvi akakoroma, akaamka akaanza kuwahesabu waombolezaji kama magunia. "Huyu ameloa, rudisha. Huyu uzito pungufu. Huyu ana mchanga, aliyempeleka ghalani ni nani?" Waliokuwa wanalia wakacheka machozi yakiwatoka bado. Kicheko kikampanda Twahiru kichwani. Akaenda nyuma ya nyumba, akaikokota ile pikipiki nyeusi kutoka bandani, matairi yamelala, mavu wamejenga kwenye bomba la moshi, akatangaza:

"Hii mali ya mtani. Naichukua. Siku ya arobaini mwenyewe atarudi nayo, kaipanda, injini inawaka."

Vigelegele vikapigwa. Nyuma ya pazia la dirisha, Bi Mwanakombo, mjane wa Babu, alikuwa ameshaingia eda. Sauti yake ikatoka taratibu.

"Mtani, una hakika?"

"Bibi, kwangu mimi pikipiki ya mtu hailali Ijumaa mbili."

"Haya," pazia likasema.

Twahiru aliisukuma pikipiki mpaka Mtawanya, na lile "haya" likamsindikiza njia nzima. Nyumbani Rukia aliutazama mkweche ule, akamtazama na kaka yake.

"Siku arobaini zina Ijumaa ngapi?"

"Wewe bangua korosho zako."

"Nauliza tu."

Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kama watu wawili waliolala chumba kimoja na hawasemezani. Akaijaza mafuta ya taa na dizeli, akaiacha siku tisa, kila asubuhi akijaribu kwa mkono, mpaka siku ya kumi ikasogea upana wa ukucha. Kutu ya vyuma akaipiga msasa. Spoku alizing'oa moja moja, akazinyoosha juu ya reli, akazirudisha kila moja kwenye tundu lake. Tangi hakulipaka rangi. Pale magoti ya Babu yalipokuwa yakigusa, weusi ulikuwa umeliwa mpaka chuma, pande zote mbili, na Twahiru alipapitisha kitambaa cha mafuta akapaacha vilevile.

Siku ya ishirini na sita alifungua kisanduku cha vifaa chini ya kiti. Ndani mlikuwa na bisibisi, spana mbili, na leso iliyofungwa fundo. Akalifungua. Zilikuwa nati mbili, zile zinazoshika kabureta kwenye injini, zimepakwa grisi.

Fundi anajua grisi. Ya miaka miwili ingekuwa imekauka, imekuwa kahawia, imeshika vumbi. Hii ilikuwa laini, ya njano, ya juzijuzi. Mtu alikuwa akilifungua fundo lile, anazifuta nati, anazipaka upya, anafunga tena. Mzee hakuwa amesahau chochote.

Twahiru alikaa kwenye ndoo yake muda mrefu. Rukia akamwuliza kama kapigwa na jua. Kisha akaacha korosho, akamletea maji.

Kesho yake alfajiri alikuwa njiani kuelekea Ruvuma, kwenye mfuko ana kabureta nyingine ya pampu. Alimkuta Fadhili katikati ya matuta, suruali amekunja mpaka magotini, na pampu inaguguma kingoni mwa mto bila hata kikohozi.

"Tangu lini fundi anamfuata mgonjwa?" Fadhili alisema. "Na mgonjwa mwenyewe mzima."

"Nimekuja kuchukua ya watu."

"Hii? Nilidhani umenipa."

"Na mimi nilikuwa nimeanza kudhani hivyo."

Kazi ilimchukua mchana kutwa, kwa sababu alikataa kuondoka mpaka ahakikishe maji yamefika tuta la mwisho. Alirudi Mtawanya kabureta ikiwa kifuani, ndani ya shati, kishikio cha kabati kikimchoma mbavu kila gari lilipoingia shimoni.

Siku ya thelathini na nane alifunga zile nati mbili, akapiga kiki mara kumi na saba. Ya kumi na nane injini ikapiga chafya, ikakohoa, ikatulia ikaanza kuongea, polepole, kwa sauti nzito ambayo bodaboda hazina. Rukia alisimama. Hata kuku waliacha kuchokoa.

Arobaini ilisomwa Naliendele siku ya Jumamosi. Hitima ilipoisha na masinia ya pilau yakaanza kutoka, mlio ukasikika kutoka barabara ya mchanga, na wazee waliokuwa wanaujua wakanyamaza katikati ya tonge. Akatokea Twahiru, kofia ya Babu kichwani, koti la bandari, mgongo wima, kidevu juu, akikohoa kile kikohozi cha Babu cha kuomba njia. Vigelegele vikapasuka.

Njia nzima alikuwa akijikumbusha: gia kulia, breki kushoto. Alijikumbusha penye lori za korosho, akajikumbusha penye mbuzi. Vigelegele vikamsahaulisha. Alipofika uani, mguu wa kulia ukafanya kama ulivyozoea miaka yake yote, ukakanyaga breki ambayo haikuwepo. Gia ikabadilika, pikipiki ikaruka, ikapita kati ya masinia mawili, ikakata kamba ya turubai, ikazimika imelala kifuani mwa gunia la mchele. Turubai likawashukia wazee watano taratibu, kama shuka.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Walidhani ni sehemu ya utani. Twahiru akainuka, akajikung'uta, akahesabu wazee waliotoka chini ya turubai, akasema gunia moja limepungua. Wakacheka tena. Halafu akaisogelea nyumba, akainama kwenye dirisha. Rukia alikuwa kwenye mkeka karibu na hapo, na korosho zake alizokuja nazo kwa ajili ya wageni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mtani. Umenikatia kamba."

"Aliyekata ni mwenyewe. Mimi nilikuwa abiria."

Pazia likacheka kidogo. "Imelia kama zamani," Bi Mwanakombo alisema. "Nimekaa nyuma ya sauti hiyo miaka mingi. Na kabureta je? Mzee aliniambia iko leba."

Hapo Twahiru alipewa nafasi, na aliiona. Maneno aliyoyaandaa tangu Ruvuma yalikuwa tayari, mafupi, hayazidi pumzi moja: Bibi, amana yenu niliitumia, naomba radhi. Lakini nyuma yake watu walikuwa bado wanacheka, kofia ilikuwa bado kichwani, na ulimi wake ni mwepesi kuliko yeye.

"Bibi, ile ilikuwa na ufa mbaya," alisema. "Hapa Mtwara hakuna wa kuuziba. Niliipeleka Dar, Kariakoo, kwa fundi mmoja mzee sana, anafanya kazi kwa miwani miwili. Ndiye aliyenichelewesha. Juzi nimeifuata mwenyewe."

"Kariakoo."

"Kariakoo, Bibi."

"Siku hizi Kariakoo wanalima nyanya?"

"Mwaka jana tulikwenda kumtazama mdogo wangu kule bondeni," sauti iliendelea, bila haraka. "Tukapita kwenye shamba la kijana mmoja kununua nyanya. Nikaona kishikio cha kabati langu kinatetemeka juu ya pampu ya maji. Nilikivuta kishikio kile tangu nilipoolewa mpaka Mzee alipoking'oa, sikihitaji miwani. Nikafungua mdomo niulize. Mzee akanishika mkono. Akasema, acha, maji yanafika. Akasimama akaisikiliza mpaka nikachoka na kapu langu. Akasema, huyu mtoto ameisafisha vizuri."

Twahiru akavua kofia. Hakujua aiweke wapi, akaishika kwa mikono miwili.

"Tukiwa njiani akaniambia hatakuuliza tena, usije ukashindwa kupita kwetu. Na hakukuuliza."

"Na wewe, Bibi?"

"Mimi sikuahidi kitu," pazia lilisema. "Nilikuwa nangoja nisikie utasemaje."

Karibu yake, mkekani, Rukia alikuwa ameinua macho kutoka kwenye korosho zake, na safari hii hakuyarudisha chini.