Biznaga ya Mama Hermelinda

Mama yetu Hermelinda alipofariki aliacha nyumba ya udongo ambayo hakuna mtu aliyeitaka, kuku wachache, na biznaga. Biznaga ni dungusi la huku kwetu Cadereyta, nchini Mexico, la mviringo kama mpira, na miiba yake myeupe imesukana hadi ukiitazama kwa mbali utadhani ni pamba. Hiyo ya mama alipewa na mama mkwe wake siku alipoolewa, kichwa kimoja cha ukubwa wa yai. Kichwa kile kikazaa watoto ubavuni, watoto nao wakazaa, mpaka wakalijaza karai la bati alilokuwa akifulia nguo zetu. Kila mwaka ilivaa taji la maua ya waridi, kisha vitunda vyekundu kama pilipili ambavyo tukiwa wadogo tulivichuma na kuvila kabla ndege hawajatuwahi.

Mimi ndiye niliyebaki na mama. Kaka yetu mkubwa, Tranquilino, ana duka la matairi mjini Querétaro na tumbo linalomtangulia mlangoni. Alikuwa akija Krismasi, kama hakuna mpira kwenye televisheni. Biznaga aliiita nungunungu. "Mama, litupe hilo nungunungu kabla halijamtoa mtoto wangu jicho," ndivyo alivyokuwa akisalimia. Mdogo wetu Otilia ana saluni huko Mexico, mji mkuu, naye kila akija alimletea mama maua ya plastiki. "Haya hayachomi, mama, wala hayanywi maji." Mama aliyapokea, akashukuru, na akayatia kwenye banda la kuku.

Sasa sikiliza maajabu. Siku ya maziko, padri alisema kanisani kwamba Hermelinda aliilea biznaga yake kama alivyowalea wanawe, na kwamba roho ya mtu hubaki katika kile alichokipenda. Maneno ya padri tu, ya kuwaliza watu, na watu wakalia kweli. Lakini nikamwona Tranquilino akiacha kulia na kuanza kufikiri, jambo ambalo halimwendei kirahisi.

Tulipomaliza rozari ya siku ya tisa, kabla hata watu hawajamaliza kahawa, alirudisha gari lake nyuma mpaka kizingitini.

"Eustolia," akaniambia, "nimekuja kumchukua mama."

"Mama yuko makaburini, kaka. Umemzika mwenyewe."

"Usinifanyie mzaha. Nasema biznaga. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume."

Otilia akatoka jikoni mbio, bado ana tortila, chapati ya mahindi, mkononi. "Ati nini? Vitu vya mama ni vya binti! Umewahi kumwona mwanamume akirithi karai la kufulia?"

"Wewe nyamaza na mikucha yako ya rangi. Ulikuwa ukimletea plastiki!"

"Na wewe ulitaka alitupe!"

Tranquilino aliinama, akalikumbatia karai, akajaribu kulinyanyua. Udongo ule wenye changarawe ni mzito, na tumbo lake lilifika kwenye miiba kabla ya mikono yake. Alipiga ukelele majirani wote wakaacha vikombe. Shangazi mmoja alimchomoa miiba shatini huku akimwambia, "Pole baba, ndiyo mapenzi ya mama hayo."

Mwishowe wakakubaliana waigawe. Kukubaliana kwao kulikuwa hivi: kila mmoja alikitaka kichwa cha kwanza, yule mama mwenyewe aliyetoka kwa bibi, na watoto apewe mwingine. Nikawaambia waende wakalale, kesho nitawagawia mwenyewe.

Asubuhi nilikunja magazeti nikayavaa mikononi, nikachukua kisu cha jikoni, nikaanza. Haihitaji nguvu. Mtoto wa biznaga aliyekomaa ana kikonyo chembamba; unamshika, unamzungusha kidogo, na anaachia. Nilianzia pembeni, nikaenda ndani, taratibu, kumtafuta mama yao katikati.

Hakuwapo. Katikati ya karai palikuwa na tundu kavu, na ndani yake gamba la kahawia jepesi kama gunzi la mahindi. Kichwa cha bibi kilikufa zamani, labda miaka mingi, na watoto wakawa wamekua juu yake wakiegemeana hata pasionekane pengo. Niliingiza vidole mle ndani. Nilikaa chini sakafuni, nikalia kuliko nilivyolia kanisani. Mama alimwagilia karai lile kila mwaka mvua zilipochelewa. Sijui kama alijua.

Nilipowasikia wakiamka nilipangusa uso. Kama ningewaambia ukweli, wangesema nimemla. Basi nikachagua vichwa viwili vikubwa. Cha kwanza nikampa Tranquilino nyuma ya nyumba. "Huyu ndiye mama mwenyewe," nikamnong'oneza. "Otilia asijue, ataumia." Akavimba kama jogoo. Cha pili nikampa Otilia chumbani. "Huyu ndiye mama. Kaka asijue, unazifahamu hasira zake." Akanibusu mashavu yote mawili. Kila mmoja aliondoka akimtazama mwenzake kwa huruma, na huo ndio wakati pekee niliowaona wakihurumiana.

Waliobaki niliwapanda juu ya dari la saruji la jikoni, kwenye madebe na makopo ya rangi, kama kila mtu afanyavyo hapa kwetu.

Ukatimia mwaka tangu mama afariki, ikasomwa misa. Nilipika bata mzinga kwa mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, nikaweka picha ya mama mezani na mishumaa. Wanangu wawili, Tranquilino na Otilia, maana sasa nawaona kama watoto, wakaingia kila mmoja na chungu kifuani.

Cha Otilia kilikuwa na utepe. Alikuwa ameiweka biznaga saluni, kwenye kona kati ya vioo, na kwa kulitafuta jua maskini ilirefuka, ikawa nyembamba, imepauka na kuinama kama kidole cha mgonjwa. Chungu cha Tranquilino kilikuwa kimepakwa rangi ya dhahabu na kuandikwa MAMA. Na ndani yake, jamani, palikuwa na dungusi la miiba ya manjano. Ya manjano! Aina nyingine kabisa, ile inayouzwa barabarani karibu na kituo cha mafuta. Ya kwake aliiozesha kwa maji ndani ya mwezi mmoja, hilo nililisikia baadaye kwa mkewe, akaona afadhali anunue mama mwingine.

Akakiweka mbele ya picha. "Nimemrudisha mama nyumbani kwake," akatangaza.

"Mama yupi?" Otilia akauliza. "Mama ninaye mimi. Nilipewa na dada."

"Umepewa mtoto, wewe. Mama yuko hapa."

"Huyo wa manjano? Mama yetu aliota manjano lini?"

"Amebadilika kwa hewa ya mjini!"

Shangazi alipaliwa na mole. Kisha wote wawili wakanigeukia, na ukumbi mzima ukanigeukia.

Nikawaambia kila kitu. Tundu, gamba, na vichwa viwili vilivyokuwa sawa na vingine vyote. "Hakuna mama. Alikufa kabla ya mama."

"Mwongo!" Tranquilino akafoka. "Umemficha!"

Akapanda ngazi ya dari, na ngazi ikalia. Tulimsikia akisukuma makopo, akipekua, akitukana miiba. Aliposhuka alikuwa amekumbatia debe langu kubwa kuliko yote, na uso wake unang'aa kwa ushindi. "Nimempata," akasema, akapanda gari, akaondoka bila hata kuonja mole. Debe lile nilipewa na mke wa mchinjaji miezi michache nyuma, tulipobadilishana mimea kama majirani. Halina hata tone la damu ya ukoo wetu. Kamuulize leo, liko dukani kwake juu ya rundo la matairi, na kila mteja anaelezwa habari za bibi.

Otilia alibaki. Watu walipokwisha kutawanyika alikuja jikoni akalia, rangi ya macho ikamchirizika. "Dada, nifundishe basi. Nataka moja ikue kweli."

Nikaona haya kidogo kwa kuwacheka moyoni. Nikampandisha darini, nikamwacha achague kichwa na kukizungusha mwenyewe mpaka kikaachia. Nikamwambia: kiweke kivulini, kikauke kidonda, kikishakauka ukipande kwenye changarawe na mchanga, dirishani penye jua, na maji usikipe, Otilia, usikipe kabisa, mpaka kiote mizizi. Akarudia yote akihesabu kwa vidole, kama mtoto wa katekisimu.

Alinipigia simu kesho yake asubuhi.

"Dada, kinaonekana kina kiu," akasema. "Nimekipa kidogo tu."