Yadi za Gib Yuill

Sijui ni ugonjwa gani unaowapata wanaume wa klabu yetu wakiona namba kwenye kioo. Mtu mwenye akili zake, aliyelea watoto na kujenga nyumba, anaingia kwenye kibanda changu cha kufundishia, anapiga mpira mmoja mzuri kati ya kumi, kisha ananigeukia na uso wa mtoto aliyepewa peremende. "Umeona, Mhairi? Mia na sabini." Mipira mingine tisa imetapakaa huko, mmoja kwenye miba, mwingine karibu na gari la mchungaji. Hiyo haimhusu. Nimefundisha gofu hapa Inverdoran miaka mingi na bado nachefuka.

Kisanduku cha rada kinachotoa namba hizo hakina kosa. Nakiweka chini nyuma ya mpigaji, nacho kinaniambia mpira umeruka yadi ngapi kabla ya kugusa ardhi, umepanda kiasi gani, umeshuka wima au kwa kuteleza, umekwenda kushoto au kulia. Fimbo ya chuma si ya kupiga mbali. Ni ya kupiga pale pale, leo na kesho, ili ukiangalia umbali uliobaki kufika grini, pale penye shimo, ujue ni fimbo ipi ya kuchomoa. Haya nimeyasema mpaka mate yamenikauka.

Gib Yuill hakuwa na haja ya kuambiwa. Alikuwa mwokaji mikate, sasa amestaafu, na nafasi ya nane katika timu yetu ilikuwa yake tangu mimi ni msichana. Kila majira ya kuchipua tunacheza na kijiji jirani cha Cauldhame, kwa jozi: watu wawili, mpira mmoja, mnapokezana kuupiga. Ukiharibu wewe, mwenzako ndiye anayeingia matopeni kuutoa. Ndiyo maana kila mtu alitaka kupangwa na Gib. Tangu mkewe afariki, mechi ile ndiyo ilikuwa shughuli pekee aliyoipigia pasi suruali.

Safari hii, kabla ya majira ya baridi, kapteni wetu mpya, Crawford Haddow, daktari wa meno, alitangaza kwamba nafasi ya nane itatolewa kwa takwimu. Crawford ana mkwe anayeitwa Struan, kijana mwenye mabega mapana na fimbo za bei mbaya. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Waliletwa kibandani kwangu wote wawili, kila mmoja apige mipira kumi na miwili kwa chuma namba saba.

Gib alipiga kama alivyokuwa akikanda unga, bila haraka. Mpira wake mfupi uliruka yadi mia thelathini, mrefu mia thelathini na saba, na yote ilishuka wima ikatulia. Ningeweza kuipanga yote kwenye grini yetu iliyo ndogo kuliko zote.

Struan akaanza. Wa kwanza ulikwenda mia sabini na nane na Crawford akapiga kofi. Wa pili ukachepuka kulia, yadi tisini na kitu.

"Hiyo mguu umeteleza," Struan akasema. "Futa."

Crawford akanyoosha mkono akaufuta kwenye kioo. Wa tatu ukafutwa kwa sababu ya upepo, na sisi tulikuwa ndani ya kibanda. Walipomaliza ilikuwa imebaki mipira minne, na wastani wake ulikuwa mia sabini na tatu.

"Crawford, mmefuta mipira minane," nikamwambia.

"Ile ilikuwa makosa tu, binti."

"Na uwanjani atayafuta na nini?"

"Usiwe mkali hivyo."

"Hata hiyo fimbo si namba saba. Kiwandani wameusimamisha uso wake kama namba tano ya zamani, wakaichapa saba ili mnunuzi ajione shujaa. Angalia mpira unavyokuja chini. Huo hausimami kwenye grini, huo unapita."

"Namba ni namba," akasema Crawford, akaangalia saa.

Nilitamani kunawa mikono. Gib alikuwa anafuta fimbo yake kwa kitambaa.

"Kwa hiyo kijana amenizidi yadi ngapi?" akaniuliza.

"Hajakuzidi kitu, Gib."

"Lakini kioo kimesema, mwanangu."

Nikadhani kelele zitaishia hapo. Wapi. Ijumaa ile kwenye jumba la klabu walikuwa na pai zao za kondoo na bia zao, na Baxter, yule yule aliyecheza jozi moja na Gib miaka yote na kushinda kwa mgongo wake, akaanza.

"Gib, mzee wangu, kesho uanzie pale mbele wanapoanzia akina mama. Hakuna atakayekusema."

"Na mimi nitambebea kikapu chake cha sokoni," mwingine akadakia.

Wakacheka mpaka mafuta ya pai yakawatiririka kidevuni. Gib naye akacheka. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, nikaacha supu yangu nikaondoka.

Majira ya baridi yalipita bila Gib kuja kibandani. Kisha, wiki yenyewe ya mechi, Struan akajitoa. Theluji ilikuwa bado nzuri Ufaransa, akasema, na wenzake walishakodi nyumba huko wakateleze juu ya theluji. Crawford akaja kwangu bila hata chembe ya aibu.

"Mwite Gib. Mpime kidogo kwanza, usije ukaniletea mtu aliyeota kutu."

Gib alikuja mbio. Alikuwa amekonda kiunoni, na kwenye mfuko wake wa gofu kulikuwa na fimbo mpya zinazong'aa kama masufuria ya dukani. Zile za zamani alikuwa amezibadilisha mjini. Akachukua namba saba, akajikunja, akautupa mwili wote kama mtu anayevunja mlango uliokwama. Mia hamsini na tisa. Uliofuata, mia ishirini na nane. Wa tatu ukaingia kwenye miba ya kushoto. Halafu mmoja ukatoka safi, mia sitini na sita, na Gib akaguna kwa raha kiasi kwamba niliona haya kumtazama.

"Gib," nikasema ilipokwisha yote kumi na miwili, "kati ya mfupi wako na mrefu wako sasa kuna yadi karibu arobaini. Zamani zilikuwa saba. Hujui tena mpira utakwenda wapi."

"Mia sitini na sita, Mhairi. Kwa umri huu."

"Mmoja. Mmoja kati ya kumi na miwili."

"Ndiyo huo sasa. Ninao."

"Njoo kesho tupige taratibu, nusu ya nguvu. Nitakutafutia umbali wako upya kabla ya mechi. Unataka kucheza au hutaki?"

"Nataka kuliko kitu chochote," akasema, na nilimwamini. "Lakini sirudi kule kwenye kikapu cha akina mama."

Nilimpelekea Crawford namba za mipira yote kumi na miwili, bila kufuta, nikamweleza mmoja mmoja. Alisoma mstari wa juu tu. "Mia sitini na sita? Mzee amefufuka." Akampanga na Baxter, jozi ya mwisho.

Siku ya mechi vijiji vilikwenda sawa mpaka wakabaki Gib na Baxter na wapinzani wao peke yao, nao wako sawa, shimo la mwisho. Sote tulikuwa tumesimama kando na makoti yetu. Baxter alikuwa ameuweka mpira katikati, pazuri kabisa. Ilikuwa zamu ya Gib. Mbele yake grini, nyuma ya grini ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta kondoo wa watu. Mpira ukivuka ukuta umekufa.

"Ni mia na arobaini," Baxter akasema. "Unatoa ipi?"

Zamani Gib asingeulizwa, na asingefikiri. Sasa alisimama juu ya mfuko wake akigusa fimbo hii, akigusa ile, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mwishowe akachomoa namba nane. Akajikunja, akavunja mlango wake.

Ukatoka safi. Ulipita juu ya grini, juu ya ukuta, na kondoo wakatawanyika.

Watu wa Cauldhame walivua kofia wakatushika mikono kwa adabu, na mechi ikawa yao. Baxter alitia mikono mifukoni akakodolea nyasi. Crawford akasema, "Lakini jamani, mmeona ulivyokwenda," na wawili watatu wakaitikia kwamba kweli, ulikwenda.

Gib akanijia. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumpoza, kwa sababu nilijua mechi ile ilikuwa nini kwake. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Mhairi, ule ungesoma ngapi kwenye kioo chako?"

"Mia sitini, Gib."

"Kwa namba nane," akasema, akamgeukia Baxter ili naye asikie.