Gari la Kulaza Mtoto

Aliyenyamaza kwanza alikuwa mtoto. Kisha mama yake, aliyekuwa akimnong'oneza sikioni. Baba mdogo ndiye aliyenyamaza mwisho, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana baba mdogo akishika usukani wa gari la mteja hakuwa mtu wa kunyamaza.

Hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kutafuta ugonjwa. Alikuwa akifunga vioo vyote, anazima feni na redio, anawakataza abiria kusema, halafu anaanza kuimba pamoja na injini. Mngurumo ukipanda, naye anapanda. Ukishuka, anashuka nao, midomo kaibana, mpaka mahali ambapo sauti ya gari inaachana na yake. "Hapo ndipo panapouma," angesema. Watu walimcheka, lakini magari yalipona. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nafanya kazi kwenye gereji yake, na nilikuwa naona haya hata kumwomba spana, sembuse kumbishia.

Asubuhi ile gari lilikuwa limerudi tena. Mwenyewe alikuwa mshonaji, mama kijana, kambeba mwanawe mgongoni.

"Kwenye tambarare halina neno," alisema. "Likiona mlima tu, linaishiwa nguvu. Nakanyaga mafuta mpaka mwisho, linatambaa kama limefungwa kamba nyuma."

"Kama shemeji yangu," baba mdogo akasema. "Mezani yuko mbele, ukimpa jembe anahema."

Plagi tulikuwa tumebadilisha. Filta ya mafuta pia, na ya hewa. Ugonjwa ulikuwa palepale.

"Ila lina zuri lake moja," mama akaendelea, akimfuta mtoto kamasi. "Huyu bwana ni mlizi, majirani wanamjua. Lakini tukianza kupanda kwenda nyumbani, kimya. Analala fofofo. Hata nikimtoa garini haamki upesi."

Baba mdogo alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi tusilitengeneze sana, mama. Niazime, nikamlaze mama mkwe!"

Nami nilicheka. Ila yale maneno, haamki upesi, yalinikaa vibaya, kama chembe ya mchanga ndani ya kiatu. Sikujua kwa nini.

Baba mdogo alitaka gari lipande na mzigo wake wa kila siku, kwa hiyo tuliingia sote, mimi nyuma pamoja na mama na mtoto. Alipofika kwenye vioo, mama alimwambia hata yeye hufunga, kwa sababu ya baridi ya huko juu. "Safi," baba mdogo akasema. "Sasa kimya, nimsikilize mgonjwa."

Barabara ilipanda katikati ya kuta ndefu za mawe, zimeota kuvu kwa mvua. Injini ilianza kulegea, na wimbo wa baba mdogo ukalegea nayo. Baadaye wimbo ulichelewa. Baadaye ukapotea njia. Kichwa changu kilikuwa kinabana kama kimefungwa kitambaa kidogo mno. Harufu ya moshi ilikuwepo, lakini sisi watu wa gereji tunaishi ndani ya moshi. Hata mkate wetu wa chai ulikuwa unanuka moshi. Nani angeshtuka?

Nikamtazama mtoto. Mdomo wazi, mate yanamtiririka, kiganja kimefunguka juu ya paja la mama yake kama kitu kilichoangushwa.

Wazo lilinijia polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Gari linaishiwa nguvu hapahapa mtoto anapolala. Na kama injini imechoka kwa sababu moshi wake umekosa pa kutokea kule nyuma, je, moshi huo unakwenda wapi?

"Baba mdogo, simama."

Sauti ilitoka ndogo, kama kawaida yangu.

"Kimya," akajibu, ulimi mzito. "Nasikiliza."

Hapakuwa na cha kusikiliza. Nilimwambia tena, asijibu. Nikamchukua mtoto mapajani mwa mama yake, na mama hakunizuia. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo: kwamba hakunizuia. Gari lilikuwa linatambaa taratibu kuliko mtu anavyotembea. Nilisukuma mlango, ukagonga ukuta kwa kishindo, nikashuka na mtoto kifuani huku nikipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Breki zikalia.

Baba mdogo alitoka akiyumba, akamvuta mama nje kwa kumshika makwapa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nampiga mtoto nyayo, namwita bwana mkubwa, mlizi wetu, lia basi, lia. Uso wake ulikuwa umetulia mno. Mama alikuja akitambaa kwenye matope. Kisha kifua kile kidogo kikaruka, akavuta pumzi kama anayetoka chini ya maji, akalia.

Hospitali walimlaza usiku kucha. Sisi tuliliinua gari. Kichujio cha ekzosi, kile mafundi wanachokiita masega, kilikuwa kimeyeyuka na kuziba kabisa. Nyuma ya injini kiungo cha bomba kilikuwa kimeachia, na juu yake, chini ya kapeti ya kiti cha nyuma, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu. Mkono wangu ulipita.

Mama alikuja kesho yake kuuliza. Nilimwonyesha tundu. Alichutama akaliangalia, mtoto akimvuta hereni.

"Na siku zile nyingine?" akauliza. "Alikuwa analala kila siku, tangu mvua zianze. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu."

  Mimi nilijua kitabu cha chuoni kinavyosema juu ya moshi ule, unavyoikosesha damu ya mtu hewa. Juu ya ubongo wa mtoto asiyejua bado kusema, na siku zilizokwisha kupita, sikujua kitu.

Baba mdogo alitaka kumrudisha nyumbani kwa gari lake mwenyewe. Mama alikataa kwa adabu. Alimfunga mtoto mgongoni akaanza kuupanda mlima kwa miguu, na kabla hajafika kwenye kuta zile mtoto akaanza kulia. Alilia njia nzima. Mama yake hakumbembeleza hata mara moja.